Kufa kwa Diski na Hatima ya Data za Mtafiti wa Kiswahili

Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu kuna udhuru mmoja ambao hupokewa bila kuhojiwa. Mwanafunzi wa uzamili au wa uzamivu anapochelewa kuwasilisha sura ya tasnifu yake na kueleza kwamba alikuwa mgonjwa, huombwa cheti cha daktari. Anapoeleza kwamba kompyuta yake imekufa na kwamba kazi yote ilikuwa humo, huambiwa pole. Msimamizi hutikisa kichwa, husimulia mkasa wa namna hiyo uliompata yeye au mwenzake, na muda huongezwa. Msamiati wenyewe unaotumika ni wa msibani: mashine imekufa, kazi imepotea, ni amri ya Mungu.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba huruma hiyo, ijapokuwa ni ya kiungwana, imewekwa pasipo mahali pake. Diski hufa. Hilo ni jambo la kutarajiwa kama mvua za masika, na hakuna mtengenezaji yeyote wa vyombo hivyo anayedai vinginevyo. Kinachohitaji kuelezwa si kwa nini diski ilikufa, bali kwa nini data zilikuwa mahali pamoja tu. Swali hilo la pili ni la kitaaluma kwa kiwango kilekile cha swali la uteuzi wa sampuli au la uchaguzi wa nadharia, na inafaa liulizwe na watu walewale.

Kwanza yafaa vitenganishwe vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja la "faili". Kuna maandishi ambayo mtaalamu ameyatunga mwenyewe, na kuna data alizozikusanya kwa watu. Maandishi yakipotea, hasara ni kubwa, lakini mtungaji yu hai na fikra zake anazo. Mwaka 1835 muswada wa juzuu ya kwanza ya historia ya Mapinduzi ya Ufaransa, uliotungwa na Thomas Carlyle, uliteketezwa ulipokuwa umeazimwa kwa John Stuart Mill, baada ya kudhaniwa kuwa ni makaratasi ya kutupwa. Carlyle hakuwa na nakala nyingine. Aliketi akauandika upya, na kitabu kizima kikatoka mwaka 1837. Wapo wasimamizi ambao, wakizungumza kwa faragha, watakiri kwamba sura iliyoandikwa mara ya pili baada ya ile ya kwanza kupotea aghalabu huwa fupi zaidi na bora zaidi.

Data za uwandani hazina bahati hiyo. Mtafiti wa lahaja anayekwenda Makunduchi au Siyu, akaketi na bibi wa miaka themanini na kitu, akarekodi matamshi yake, majina ya samaki, ya miti ya dawa na ya sehemu za chombo ambazo vijana hawazitaji tena, hawezi kurudi baada ya miaka mitatu na kuomba yote yarudiwe. Bibi huenda ameshafariki. Na hata akiwa hai, hatasema yale yale: usimulizi wa fasihi simulizi ni tukio, kama wataalamu wa taaluma hiyo wanavyosisitiza madarasani kila mwaka, na tukio halitokei mara mbili. Ni ajabu kwamba mtaalamu yule yule anayefundisha asubuhi kwamba kila utendaji ni wa pekee huweka alasiri utendaji huo wa pekee katika flashi moja iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba.

Kuna kosa jingine lililofichika katika kivumishi "binafsi". Faili za aina hii huitwa faili binafsi za mtafiti kwa sababu ziko katika kompyuta aliyoinunua kwa fedha zake. Lakini sauti iliyomo si yake. Ni ya msimulizi, aliyetoa muda wake na, mara nyingi, chai na kitafunwa pia, kwa matumaini kwamba maneno yake yatafika mahali. Mtafiti amekabidhiwa amana. Mtu aliyekabidhiwa amana akaipoteza kwa uzembe haambiwi pole katika jamii yoyote ya Waswahili; huulizwa aliiweka wapi.

Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki dunia mnamo mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki katika vinywa na vifua vya watu. Yangaliweza kuishia hapo. Yaliyoyaokoa ni mfululizo wa nakala. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu. Mmisionari William Ernest Taylor, aliyefanya kazi naye huko Mombasa, akayanukuu na kuyafafanua. Karatasi hizo zikapelekwa Uingereza, zikawekwa katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika mjini London. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake wa mashairi hayo mjini Nairobi. Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau angalikuwa na daftari moja tu, akalihifadhi sandukuni bila kumpa mtu kulinukuu, kozi ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 19 ingalifundishwa leo bila sehemu kubwa ya mashairi yanayoipa sura yake.

Hali ya Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, inafundisha zaidi. Huyu alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, na juu ya hayo alikuwa mwandishi wa hati mwenye mkono mzuri, aliyenukuu tendi kwa ajili ya wateja mbalimbali, wakiwamo Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Nakala za mkono wake zimo London na zimo Ujerumani. Kijuma hakuwa akijikinga na moto wala mchwa. Alikuwa akijipatia riziki. Hata hivyo matokeo ni kwamba tungo zilizopita mkononi mwake ziko katika miji zaidi ya mmoja, na hapana janga moja linaloweza kuzifuta zote kwa usiku mmoja. Wahakiki wa matini hulalamika kwamba nakala hizo zinatofautiana, kwamba beti zimepangwa upya na maneno yamebadilishwa. Ni kweli. Lakini malalamiko hayo ni ya mtu mwenye shibe: anayelalamikia tofauti baina ya nakala tatu anazo nakala tatu.

Yafaa iongezwe kwamba karatasi hufa kwa namna tofauti na diski. Mchwa hula pembe ya ukurasa, unyevu hufifisha wino wa mistari miwili au mitatu, na msomaji hubaki na utenzi wenye mapengo anayoweza kuyakisia kwa vina na mizani. Uharibifu ni wa polepole na unaonekana kwa macho. Mwenye muswada huona ukizidi kuchakaa, naye hupata muda wa kumwita mwandishi aunukuu. Diski haitoi muda huo. Faili iliyokuwa kamili jioni huweza kutokuwapo kabisa asubuhi, beti zote elfu moja pamoja, na mara nyingi pasiwe na dalili yoyote kabla ya hapo.

Sababu za kufa huko si za kimuujiza. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea na kuandikia. Pengo lililopo baina ya kichwa hicho na sahani ni jembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Kompyuta ikiangushwa au ikitikiswa vibaya ndani ya basi kati ya Dodoma na Iringa huku ikiwa imewashwa, kichwa hicho hugusa sahani na kukwangua yale yaliyoandikwa. Hifadhi za aina mpya, pamoja na flashi, hazina kitu kinachozunguka. Hutunza data kwa chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo sana, navyo huchakaa kwa kadiri vinavyoandikiwa, na chaji huweza kuvuja zikikaa muda mrefu bila umeme. Kwa hiyo flashi iliyotiwa mtotoni mwa meza na kusahauliwa miaka kumi haiko salama kama mwenyewe anavyodhani. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, huweza kuharibika si faili moja tu bali orodha nzima inayoonyesha kila faili iko wapi. Juu ya hayo kuna wezi wa mikoba, kuna kikombe cha chai, na kuna programu haramu zinazofunga faili zote kwa msimbo na kumtaka mwenyewe alipe fidia. Hizi za mwisho hufunga vilevile diski ya akiba ikiwa imeachwa imechomekwa katika kompyuta.

Wale waliofanya utafiti katika miaka ya 1990 wanalo la kuongeza. Walihifadhi kazi zao katika diski laini za inchi tatu na nusu, ambazo kila moja ilichukua megabaiti 1.44, yaani pungufu ya picha moja ya simu ya leo. Joto na unyevu wa pwani havikuzionea huruma. Lakini hata zile zilizosalimika zina tatizo jingine: kompyuta za sasa hazina tundu la kuzipokea, na programu zilizoandikia faili hizo hazitumiki tena. Data zinaweza kuwa zima na bado zisisomeke. Kwa mintarafu hiyo, kunakili si tendo linalofanywa mara moja likaisha. Kila baada ya miaka kadhaa kazi lazima ihamishwe kutoka chombo kikuukuu hadi chombo kipya, kama Sikujua alivyoihamisha kutoka kifuani hadi karatasini.

Je, kuwa na nakala kunatosha? Tukio la Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani linaonyesha kwamba hakutoshi. Katikati ya Desemba 2021 chuo hicho kilipoteza faili zipatazo milioni 34, zenye ukubwa wa terabaiti 77 hivi, zilizokuwa katika hifadhi ya kompyuta yake kuu ya utafiti. Vikundi 14 vya watafiti viliguswa, na kazi za vikundi 4 kati ya hivyo hazikuweza kurejeshwa. Kilichozifuta hakikuwa moto wala kirusi. Ilikuwa ni programu ya kunakilia yenyewe: maagizo yaliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani za mfumo yalirekebishwa wakati yakiwa yanatekelezwa, yakavurugika, yakafuta faili za watafiti badala yake. Mlinzi ndiye aliyebomoa ghala. Chuo chenye fedha na mafundi kiasi kile kikiweza kupatwa na hayo, mwalimu wa Kiswahili mwenye kompyuta moja hana sababu ya kujiona salama kwa kuwa aliwahi kuambiwa na fundi kwamba mashine yake "inajinakili yenyewe".

Kisa cha filamu ya katuni ya Toy Story 2 hutajwa mara nyingi, na ingawa kiko mbali na taaluma ya Kiswahili, kinastahili kukumbukwa kwa jambo moja. Mwaka 1998, filamu hiyo ikiwa bado inatengenezwa katika studio ya Pixar huko Marekani, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya kazi. Mafundi walipozigeukia nakala za akiba waligundua kwamba nakala hizo zilikuwa mbovu, na kwamba hakuna aliyekuwa amejaribu kuzifungua. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Nakala rasmi haikufaa kitu. Nakala ya nyumbani, ambayo iliwekwa huko kwa sababu nyingine kabisa, ndiyo iliyofaa, na hapa Kijuma anakumbukwa tena.

Mahali nako kuna uzito wake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka miteremko ya mlima ulifika katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa Maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za mkusanyo wa taaluma za Afrika. Baadhi ya hazina za maktaba hiyo zilikuwa zimeshapigwa picha na kuwekwa katika mfumo wa kidijiti, nyingi hazikuwa. Mtafiti mwenye kompyuta mezani na diski ya akiba katika mtoto wa meza iyo hiyo ana nakala mbili na mahali pamoja. Mwizi atachukua zote mbili kwa safari moja, na moto vilevile. Mafundi wa kompyuta wana kanuni waiitayo 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na idara ingeweza kuibandika ukutani pale panapobandikwa ratiba ya mitihani.

Hapa suala la istilahi linajitokeza, na kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili si vibaya kulikalia kidogo. Istilahi mbili zimekuwa zikishindana. Moja ni "nakala rudufu", na nyingine ni "chelezo", iliyoingia kupitia tafsiri za programu za kompyuta na simu. Wengi huipendelea ya kwanza kwa kuwa inaeleweka papo hapo. Lakini uwazi wake ndio unaopotosha. Kurudufu ni kufanya kimoja kuwa viwili, na mtu aliyebofya na kupata faili mbili zenye jina linalokaribiana ndani ya diski moja amerudufu kweli kweli, kwa Kiswahili fasaha, na bado hana kinga yoyote. Maneno hayamwambii kwamba cha pili lazima kitengane na cha kwanza.

Chelezo ni neno la wavuvi. Limeundwa kutokana na kitenzi elea, kupitia umbo lake la kusababisha, na maana yake ni kile kitu chepesi kinachofungwa kwenye wavu au mshipi ili kielee juu ya maji. Jarife likizama, chelezo hubaki juu, na mvuvi hujua wapi pa kuvuta. Dhana yote imo humo. Chelezo hakizami pamoja na chombo, kwa kuwa kimeundwa kwa kitu cha aina nyingine. Kiko mahali pengine, juu na si chini. Na hakina maana isipokuwa kama kamba inayokiunganisha na wavu ni nzima, jambo ambalo mvuvi hulikagua kabla ya kutoka pwani. Ni kweli kwamba neno hilo lina maana nyingine ya mahali pa kutengenezea vyombo, na kwamba mwanafunzi wa bara huenda hajapata kulisikia. Hizo si sababu za kuliacha. Wanaistilahi wamewahi kupokea maneno yenye mzigo mkubwa zaidi kuliko huo, na si yote yaliyowalipa.

Kuna pingamizi mbili ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni umaskini. Diski ya akiba ina bei, na kupeleka saa arobaini za sauti katika hifadhi ya mtandaoni kunahitaji bando ambalo mwanafunzi anayejilipia ada hana. Pingamizi hiyo ni ya haki, lakini inawaelekea wenye fedha na si mwanafunzi. Bajeti za utafiti huwa na kifungu cha usafiri, cha posho na cha uchapaji; kifungu cha kuhifadhi kinachokusanywa ni nadra kuonekana, na wafadhili wasipokiona hawakiulizi. Safari moja ya kurudi uwandani kukusanya upya kilichopotea, endapo bado kinakusanyika, hugharimu kuliko diski mbili.

Inafaa pia kusemwa kwamba hifadhi za mtandaoni, hata pale zinapopatikana bure, hazifanyi kazi ambayo wengi wanadhani zinafanya. Nyingi kati yake hulinganisha tu: kilichomo kwenye kompyuta ndicho kinachoonekana kule, na kikifutwa hapa hufutwa na kule, kwa kawaida baada ya muda wa kungoja. Kosa la mtumiaji hunakiliwa kwa uaminifu ule ule unaonakili kazi yake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na wanaoitoa ni watafiti makini. Kila nakala ni mlango. Nyimbo za unyago, mahojiano juu ya magonjwa au ndoa, ushuhuda wa watu waliotendewa maovu: haya yalitolewa kwa masharti ya siri, na kuyatapanya katika diski tatu na mtandao mmoja ni kuongeza uwezekano wa kufikiwa na wasiohusika. Sheria nazo zimeingia: Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Mtafiti anaweza kudai kwa moyo safi kwamba nakala moja iliyofungiwa kabatini ndiyo njia ya uadilifu.

Dai hilo lina nusu ya ukweli. Siri hulindwa kwa kufunga, na si kwa uchache. Nakala tatu zilizofungwa kwa nywila imara ni siri zaidi kuliko kompyuta moja isiyo na nywila inayopitishwa mkono kwa mkono hadi kwa fundi wa mtaani pale inapoharibika, na huko ndiko kompyuta nyingi za watafiti huishia. Fundi huyo hufungua kila kitu. Hawezi kutengeneza bila kufungua. Ama kuhusu ridhaa ya wasimulizi, inafaa waulizwe tangu mwanzo, katika fomu ileile wanayotia sahihi au dole gumba, sauti zao zitawekwa wapi na kwa muda gani. Wengi wao, wakiulizwa, huomba nakala yao wenyewe. Ombi hilo mara nyingi husahauliwa mtafiti akisharudi mjini, kumbe ndilo lingaliweza kumpatia nakala ya tatu, iliyo mbali, mikononi mwa watu wenye sababu kubwa kuliko yake ya kuitunza.

Wajibu wa idara ni mwepesi kuutaja. Tasnifu hufungwa kwa jalada gumu na kupelekwa maktaba, na miaka mingi baadaye bado inasomeka. Data zilizoizaa haziendi popote. Mtahini wa nje husoma mifano arobaini iliyochaguliwa na mtahiniwa kutoka mifano elfu nne, naye hana njia ya kujua elfu nne hizo bado zipo. Idara ingeweza kudai kwamba, pamoja na nakala za tasnifu, mtahiniwa akabidhi data zake zote katika diski, zikiwa na orodha inayoeleza nani alisema nini, wapi na lini, na kwamba zitunzwe katika majengo mawili tofauti. Aidha, msimamizi angeweza kufanya jambo dogo zaidi ambalo halihitaji kikao cha bodi: katika kila mkutano na mwanafunzi, kabla ya kuuliza sura ya pili imefika wapi, amwombe afungue nakala yake ya akiba katika kompyuta nyingine, pale pale ofisini, na kucheza dakika moja ya sauti iliyomo. Mwanafunzi atakayechelewa baadaye kwa sababu ya diski iliyokufa atakuwa amechelewa kwa siku moja, ile ya kutafuta kompyuta ya kuazima.

Na msimamizi huyo, akiinuka kumsindikiza mwanafunzi mlangoni, yamkini atapita mbele ya kabati lake mwenyewe. Katika makabati mengi ya ofisi hizi mna maboksi ya kanda za kaseti za miaka ya 1970 na 1980: majigambo, tenzi zilizoghaniwa, mahojiano na watu waliozaliwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lebo zake zimeandikwa kwa kalamu ya wino inayofifia. Utepe wa sumaku hupoteza uimara kwa miaka, na vinasa sauti vya kuuchezea vinazidi kuwa adimu madukani hata kwa mafundi wa redio. Nyingi kati ya kanda hizo zilinukuliwa nusu tu, sehemu iliyohitajika kwa makala fulani, na iliyobaki haijapata kusikilizwa na mtu wa pili.